Viwanja vidogo vya ndege visimezwe na ploti

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu viwanja vidogo vya ndege vya watu binafsi, ambavyo huku Njoro na Rongai vinazidi kutoweka kadiri mashamba makubwa yanavyokatwa ploti na Nakuru, iliyopata hadhi ya jiji Desemba 2021, inavyotanuka.

Wenye mashamba walivitengeneza kwa matumizi yao, nami sipingi haki ya mtu kuuza ardhi yake. Linaloniuma ni kuona ugawaji ukiidhinishwa bila yeyote kuuliza kinachopotea. Jirani na ninakoishi kuna kiwanja cha nyasi ambacho mawe yake ya pembeni yangali na chokaa, lakini katikati pamepigwa bikoni na nyumba moja ya mawe imeshafika kwenye linta. Aliyeijenga hana kosa, aliuziwa, akalipa.

Wapo wanaodhani kwamba kiwanja kikibaki nusu bado kitafaa. Sivyo. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi, tena jua la mchana huizidisha wepesi, ndege hulazimika kukimbia masafa marefu kabla ya kuinuka kuliko ambavyo ingekimbia Mombasa. Ukikata mita 200 za mwisho, au ukisimamisha nguzo za umeme mbele ya njia ya kurukia, umekiua kiwanja kizima. Na tunachopata ni kidogo mno: njia ya mita 1,000 kwa 30 ni hekta 3, yaani ekari saba na ushei, ambamo ploti za futi hamsini kwa mia hazifiki 65.

Tangu 1957 madaktari wa ndege wa AMREF wamefikia wagonjwa kwa kutua kwenye viwanja vya namna hii, na nzige walipotuvamia mwaka 2020, ndege za kunyunyizia dawa zilihitaji mahali pa kutua karibu na makundi yao. Nitaambiwa kwamba uwanja wa ndege wa Lanet upo. Upo kweli, lakini uko mashariki ya jiji, na gari la wagonjwa kutoka Molo lingelazimika kwanza kupenya msongamano wote wa Nakuru.

Wenzetu ng'ambo wamepitia haya. Roosevelt Field, karibu na New York, alikoruka Charles Lindbergh kwenda Paris mwaka 1927, ilifungwa 1951 na pakajengwa maduka. Croydon ya London ilifungwa 1959, na sehemu yake sasa ni mtaa wa makazi. Ila miji hiyo ilikuwa na viwanja vikubwa vya kuziba pengo.

Sheria ya mwaka 2019 ya mipango na matumizi ya ardhi imeipa kaunti mamlaka ya kuidhinisha ugawaji. Basi iviorodheshe viwanja vilivyosalia, iulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga na hospitali zetu ni vipi vinavyohitajika, kisha ivinunue hivyo kwa bei ya soko badala ya kumzuia mwenye shamba kuuza. Ifanye hivyo kabla mpimaji hajapiga bikoni, kwa sababu watu wakishajenga na kuhamia, haitakuwa haki kuwabomolea.

Mkazi wa Njoro,
Kaunti ya Nakuru