Kutu ya Pwani kwenye Randa ya Babu

Swali tunaloulizwa zaidi karakanani kwetu Mombasa, tunakofufua vifaa vya zamani vya useremala, ni hili: "Nimeisugua randa ya marehemu babu mpaka ikang'aa, nikaipaka mafuta, mbona baada ya wiki tatu imerudi nyekundu?" Jibu ni chumvi.

Kutu ya Mombasa haiji peke yake. Upepo ukiwa wa kusi au wa kaskazi, unatoka baharini na chumvi yake, na chumvi hiyo hujikita ndani ya vishimo vidogo ambako brashi ya waya haifiki. Ikishatulia humo huvuta unyevu wa hewani mchana na usiku. Mafuta uliyopaka yameifunika tu, nayo inaendelea kula chuma chini kwa chini. Ndiyo maana patasi iliyolala miaka mingi sandukuni Mji wa Kale haitibiwi kama iliyolala Nakuru. Hii ya kwetu huoshwa kwanza, kusuguliwa baadaye.

Anza kwa kuifungua. Randa za chuma za kampuni ya Stanley au ya Record zina skurubu ambazo uzi wake haulingani na wa zile za dukani, kwa hivyo ukiikata kichwa moja kwa pupa, kuipata nyingine ni shida. Safisha mfereji wa skurubu kwa ncha ya msumari, tia matone ya mafuta ya taa, iache ilale, kisha utumie bisibisi inayojaza mfereji wote. Mbao zote zitoke: mpini wa nyuma na kirungu cha mbele.

Vyuma vioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Hapa ndipo wengi huharibu kazi bila kujua, kwa sababu visima vingi vya kisiwani hutoa maji ya chumvi. Ukisuuzia hayo, umerudisha ugonjwa ule ule. Tumia maji matamu ya mtungi, au ya mvua.

Kisha vitose katika siki nyeupe ya kawaida, ndani ya beseni la plastiki, hadi ifunike kila kipande. Saa 12 hutosha kwa kutu ya wastani. Zaidi ya saa 24 hatupendekezi hata kidogo. Siki ikimaliza kutu hugeukia chuma chenyewe, na uso hutoka wa kijivu, umekwaruza kama msasa. Kila baada ya saa chache toa kipande, kisugue kwa brashi, ukitazame. Kikiwa safi, kitie kwenye maji yenye magadi soda, kijiko kimoja cha mezani kwa lita moja, kwa dakika kumi, ili kuua asidi iliyobaki. Suuza tena kwa maji matamu, futa, anika juani. Usikiache ukaenda kunywa chai: kwa unyevu wetu huu, ukungu wa kutu ya manjano huonekana ndani ya dakika chache. Paka mafuta ya cherehani chuma kingali na joto. Mafuta ya kupikia tuyaache jikoni, maana yakikaa hugeuka ulimbo.

Kwenye kisu cha randa na patasi, adui mkubwa ni grainda. Ukiona ncha imegeuka buluu, ujue joto limefika karibu nyuzi 300 na ugumu wa chuma umeondoka. Kisu hicho kitakata mbao mbili kisha kilale. Dawa ni kuondoa sehemu yote iliyoungua, polepole, ukichovya majini kila mara. Pembe ya kunoa iwe nyuzi 25, na ukingo wa mwisho nyuzi 30. Mgongo wa patasi unyooshwe kwa msasa uliobandikwa juu ya kipande cha kioo kinene: namba 120, 240, 400, 800, hadi 1200. Si lazima mgongo wote. Sentimita mbili za mbele ndizo zinazokata. Kishimo cha kutu kikibaki hapo, kila ukinoa kitatoa pengo ukingoni, na mbao itatoka na mistari.

Kama randa itatumika kwa mvule, sogeza bamba la kuvunjia maranda, lile linalolala juu ya kisu, karibu na ukingo, nusu milimita au pungufu. Nyuzi za mvule hupishana, na bamba likiwa mbali mbao hung'oka vipande. Mvule pia una vijiwe vya chokaa ndani yake. Kisu kipya kikipata pengo ghafla, usimlaumu aliyenoa.

Mipini tunaigusa kidogo iwezekanavyo. Pale kidole gumba cha mzee kilipokaa miaka, mti umelika ukawa kibonde, na mara nyingine kuna herufi za jina zilizochomwa kwa msumari wa moto. Msasa ukipita hapo hakuna fundi wa kuvirudisha. Futa uchafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha upake mafuta ya kitani, kiasi kidogo, mara mbili. Vitambaa vya mafuta ya kitani vitandazwe nje vikauke: vikirundikwa hupata joto na kuwaka vyenyewe.

Nyundo au tezo iliyolegea isilowekwe majini, ingawa ni mazoea ya wengi. Mti huvimba na kubanwa ndani ya tundu, ukikauka husinyaa zaidi ya mwanzo. Inataka kabari mpya.

Ukituletea kifaa, leta kila kipande, hata kilichovunjika. Mwili wa randa ni chuma cha kusubu, kikianguka sakafuni hupasuka kama kigae, na ufa ukiwa mdomoni mwa kisu huwa tunakwambia mapema kwamba haitarandia tena. Tuambie pia kama utaifanyia kazi au utaitundika ukutani. Ya kutundika tunaiosha chumvi, tunazuia kutu, na rangi yake ya uzee tunaiacha ilivyo.