Maamuzi ya misitu yatoke kwenye mipango ya KFS, si jukwaani

Mhariri,

Mjadala kuhusu misitu ya umma nchini Kenya umeendeshwa kwa muda mrefu kana kwamba swali pekee ni iwapo miti ikatwe au isikatwe. Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwarejeshe wasomaji, pamoja na wakuu wetu serikalini, kwenye swali linalotangulia hilo: ni nani mwenye mamlaka ya kuamua, na anapaswa kuamua kwa utaratibu gani?

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 imelijibu swali hilo bila kuficha. Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ndilo lililokabidhiwa misitu ya umma, zaidi ya hekta milioni mbili, na kila msitu wa umma unatakiwa kuwa na mpango wake wa usimamizi. Wizara ya Mazingira hutunga sera na kulisimamia shirika. Misitu yenyewe, kwa mujibu wa Kifungu cha 62 cha Katiba, ni ardhi ya umma inayoshikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kwa maneno mengine, serikali huweka shabaha, nalo shirika, ambalo maafisa wake wanaujua msitu kipande kwa kipande, huamua ni wapi pavunwe, wapi papandwe na wapi paachwe. Mgawanyo huu ni wa busara, na masikitiko yangu ni kwamba hatuufuati.

Tazama marufuku ya ukataji miti. Ilitangazwa Februari 2018 na William Ruto, wakati huo akiwa Naibu Rais, kwa muda wa siku 90. Siku hizo ziliongezwa tena na tena hadi zikapita miaka mitano. Sikatai kwamba palikuwa na sababu. Mito ilikuwa imepungua maji, na jopokazi lililoundwa wakati huo lilitoa ripoti iliyoukosoa vikali uongozi wa KFS yenyewe. Hata hivyo, marufuku haikutofautisha msitu wa asili, ambao ni chemchemi ya mito yetu, na mashamba ya misaprasi na misonobari yaliyopandwa ili yavunwe.

Anayeishi kando ya mashamba hayo anajua kilichofuata. Msaprasi wa mbao huvunwa ukiwa na umri wa miaka 30 hivi. Ukiachwa sana baada ya hapo, moyo wake huanza kuoza, upepo huuangusha, na thamani yake hupotelea pale pale chini. Mfumo wa shamba nao ulikwama. Katika mfumo huu mkulima hupewa kipande kilichokwisha kuvunwa, akalima viazi au maharagwe katikati ya mistari ya miche, na anapopalilia viazi vyake anaipalilia miche ya serikali pia. Baada ya miaka kama mitatu matawi hutia kivuli, viazi havistawi tena, naye huhamia kipande kingine. Pasipovunwa hapapatikani kipande kingine. Mkulima asiye na pa kuhamia hushawishika kubaki, na mche uliopaswa kumwondoa ndio unaovunjwa ncha ili usimfunike.

Julai 2023 ikawa zamu ya tangazo la pili. Ruto, sasa akiwa Rais, aliondoa marufuku hiyo akizungumza katika ibada huko Molo. Chama cha Mawakili kikaenda kortini, na Agosti Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikasimamisha agizo hilo kwa muda. Kuna waliofurahia tangazo la kwanza na kulia kwa la pili, na kuna waliofanya kinyume chake. Mimi nasema yote mawili yalikuwa na kasoro moja: misitu ilifungwa kwa kauli na ikafunguliwa kwa kauli, wakati sheria ilikwisha kuweka mahali pa kufanyia uamuzi kama huo, yaani mpango wa usimamizi wa kila msitu, ambao jamii jirani ina haki ya kushirikishwa katika kuuandaa.

Najua nitaambiwa kwamba KFS si malaika. Ni kweli, na sitaki shirika lisilo na hatamu. Oktoba 2009 shirika hilo liliwapa Waogiek, jamii ya asili ya Msitu wa Mau, ilani ya siku 30 wahame msitu huo. Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za jamii hiyo, na Juni 2022 ikaamuru ilipwe fidia ya Sh157,850,000. Aliyetoa ilani ni shirika, aliyehukumiwa ni taifa zima. Hapo ndipo wizara ilipohitajika, isome ilani hiyo kabla haijatumwa na iulize sheria inasemaje na watu hawa wataenda wapi. Usimamizi wa namna hiyo nauunga mkono kwa moyo wote. Nisichokikubali ni serikali kulala pale inapotakiwa kulikagua shirika, kisha kuamka na kulifanyia kazi yake.

Kuna jambo jingine ambalo halijapewa uzito unaostahili. Chini ya sheria hiyo ya 2016, anayetaka mipaka ya msitu wa umma ibadilishwe hawezi kulipeleka ombi lake moja kwa moja Bungeni likapigiwa kura. Ni lazima kwanza lipitie KFS. Mswada wa mwaka 2021 ulitaka kukiondoa kizuizi hicho. Wananchi na watetezi wa mazingira waliupinga, nao haukupita. Wabunge wakumbuke hilo mswada wa aina hiyo utakaporudi, kwa maana mpaka wa msitu ukishasogezwa haurudishwi kirahisi.

Serikali imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Nalipongeza lengo hilo, lakini atakayeipalilia na kuipogoa miti hiyo ni mlinzi wa msitu na mkulima jirani, na hao hawawezi kupanga kazi ya miaka 30 kwa kusubiri hotuba.

Ombi langu kwa Waziri wa Mazingira ni dogo na halihitaji sheria mpya. Agizo lolote analolipa shirika kuhusu uvunaji lichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, likitaja sababu zake na misitu inayohusika. KFS nayo ibandike katika kila kituo cha msitu mpango wa msitu huo, ramani ya vipande vitakavyovunwa mwaka huo, na majina ya waliopewa leseni, ili jirani wa msitu akisikia mlio wa msumeno aweze kwenda kuthibitisha kama anayekata ameruhusiwa.

Mwanachama wa chama cha jamii cha misitu,
Kaunti ya Nakuru