Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, nati ya kijiji kimoja haiingii kijiji cha pili

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma

YAH: VIPIMO VYA PAMOJA VYA MASHINE ZA KUKAMUA MAWESE

Mheshimiwa,

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu) inaweza kukinunulia kikundi mashine ya kukamua mawese. Nati yake ikilika, mashine husimama na mkopo haupo tena, ila marejesho yapo palepale. Kwa hiyo tunaomba jambo moja: kabla kikundi kingine hakijakopeshwa mashine, mkoa uwe na mchoro mmoja wenye vipimo, na vipuri vya mchoro huo viwepo dukani.

Mashine ya mkono si kitu kigumu. Ni fremu, silinda yenye matundu, sahani ya kukandamiza na skrubu kubwa inayoshuka kupitia nati iliyo juu. Shida ni kwamba vipimo vyake viko kichwani mwa fundi aliyeichomelea. Fundi akihamia Mpanda, mashine inabaki yatima. Wapo wanaotumia skrubu iliyotolewa kwenye jeki kuukuu ya lori, na hapo hata fundi mwenyewe hawezi kutengeneza ya pili inayofanana nayo.

Kinachokufa kwanza ni hesi, yaani meno ya skrubu na nati. Skrubu ya chuma laini ikizunguka ndani ya nati ya chuma laini, vyuma hivyo hung'ang'aniana na kuchunana. Majivu ya jikoni na nyuzi za chikichi zikiingia humo, kazi imekwisha. Dawa yake ni ya siku nyingi: skrubu iwe ya chuma kigumu, nati iwe ya bronzi, ili inayolika iwe nati. Tena nati isichomelewe kwenye fremu, kosa tunaloliona mara kwa mara. Ifungwe kwa bolti nne, ibadilishwe palepale kijijini kwa spana mbili. Tahadhari ni moja: bronzi ina shaba, na shaba huharakisha mafuta kuvunda. Chini ya nati kuwe na kisahani cha kukinga grisi na chembe za chuma zisidondokee kwenye silinda.

Vipimo tunavyopendekeza ni skrubu ya kipenyo cha milimita 50, hesi za trapeza, milimita 8 toka jino hadi jino, na nati yenye urefu wa milimita 75. Hatukuvibuni. Kipenyo hicho na mwachano huo vimo katika majedwali ya kawaida ya hesi za trapeza, kwa hiyo mkufunzi yeyote wa kukereza anavifahamu. Silinda fundi aifanye atakavyo. Ubunifu wake tusiuzibe. Lakini skrubu, nati na matundu manne ya bolti visibadilike.

Nani atavitengeneza? Vyuo vya VETA. Mwanafunzi wa kukereza lazima afanye mazoezi ya kukata hesi, na kipande chake kikishapimwa na kupewa alama huenda kwenye chuma chakavu. Apewe kukata nati. Chuo kiwe na geji mbili, moja inayotakiwa kupita na nyingine inayotakiwa kukwama. Nati iliyofaulu zote mbili igongwe muhuri na kupelekwa dukani, na iliyofeli iyeyushwe. Mwanafunzi atajifunza kwamba kukosea nusu milimita kuna mteja nyuma yake. Gharama ya bronzi ilipwe na vikundi kwa kutenga kiasi kidogo kwa kila pipa linalokamuliwa, kianzie siku ya kwanza na kiandikwe kwenye mkataba wa mkopo. Wakisubiri mashine ife ndipo wachange, hawatachanga.

Mashindano ya ubunifu kama MAKISATU yana faida yake. Ila huko hushindaniwa mashine ya kwanza, na shida ya vijijini ni mashine ya hamsini.

Kuna lawama nyingine ambayo mashine huibeba bure: “haikamui vizuri.” Mara nyingi kosa liko jikoni. Mkungu ukikatwa, chikichi ziachwe siku mbili au tatu ziachie zenyewe. Zikikaa wiki nzima, hasa zilizopondeka, asidi hupanda na mawese yanakuwa makali. Zichemshwe vizuri mpaka nyama iachie kokwa, zitwangwe zikiwa moto bila kuvunja kokwa, kisha ziingie kwenye silinda kabla hazijapoa. Mawese yakipoa huwa mazito na kubaki kwenye makapi, na hapo vijana wawili watakaza mkono wa mashine mpaka upinde, wasipate kitu. Mwisho mafuta yachemshwe kwa moto mdogo hadi mlio wa maji uishe. Yakibaki na maji hayakai. Mafunzo haya ni ya siku mbili tu, na yafanyike kabla fedha haijatoka.

Kwa mashine za injini zenye parafujo ya kusukuma, tazama mbele kidogo. Miche ya tenera, mchikichi chotara wa kisasa, inayotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga huanza kuzaa baada ya takriban miaka mitatu. Kokwa ya dura, mchikichi wetu wa zamani, ina ganda nene. Ya tenera ina ganda jembamba na nyama nyingi. Mdomo wa mashine (tundu la kutokea makapi) uliobanwa kwa ajili ya dura utaivunja kokwa ya tenera, na mafuta ya mise, yaani ya kiini cha kokwa, yatachanganyika na mawese. Halmashauri isinunue mashine ambayo mdomo wake haurekebishiki. Muuzaji atasema unarekebishika. Mwambie afanye hivyo mbele ya wanakikundi, kwa spana, siyo kwa msumeno.

Kama unaona tunatia chumvi, Mheshimiwa, mwagize Afisa Maendeleo ya Jamii achague mashine mbili za mkopo kutoka wilaya mbili, afungue nati ya moja na kujaribu kuifunga kwenye nyingine. Ni kazi ya asubuhi moja. Atakacholeta mezani kwako kitatosha kuanzia kikao.

Wako katika ujenzi wa mkoa,
Mafundi na wakufunzi wa karakana, Kigoma