Ufunguo ukibaki ndani ya gari, kioo kidogo kiacheni

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wenye magari ya zamani, hasa zile Corolla, Carina na Mark II za miaka ya 1990 ambazo bado zimejaa barabarani. Ufunguo ukifungiwa ndani, mpita njia wa kwanza hushauri: "Vunja kile kioo kidogo cha nyuma, ndicho rahisi." Ushauri huo umewatia wengi hasara isiyo ya lazima.

Kioo kuwa kidogo hakukifanyi kiwe cha bei nafuu. Kile cha pembeni kwenye mlango wa nyuma kimebanwa na mpira na reli. Ili kukibadilisha, fundi hufungua kava la mlango, hushusha kioo kikubwa, hulegeza reli, ndipo kipya kiingie. Kwa wauza spea za mtumba mara nyingi ni kigumu kupatikana kuliko kile kikubwa. Na vipande je? Vioo vya milangoni husambaratika chembechembe, nyingi zikazama ndani ya mlango, zikaziba matundu ya kutolea maji na kukwaruza kioo kila kinapopandishwa. Maji yakituama humo, kutu huanzia chini, tena kwa hewa ya chumvi ya pwani haichelewi.

Kabla ya lolote, zunguka gari lote ujaribu kila mlango na buti. Sentro loki ya gari la miaka 25 mara nyingi ina mota iliyokufa kwenye mlango mmoja, na mlango huo hubaki wazi bila mwenyewe kujua.

Ikiwa yote imefunga, pitia juu ya mlango. Chagua kona ya juu iliyo mbali na bawaba, pale fremu ya mlango wa mbele inapokutana na nguzo ya katikati. Weka kitambaa, kisha ingiza kabari ya plastiki au ya mbao laini. Bisibisi hapana: itachubua rangi na kukunja bati. Baada ya kabari, mafundi huingiza mfuko wa hewa unaojazwa kwa pampu ya mkono, mithili ya ule wa kipimo cha presha. Nafasi ya sentimita 1 inatosha. Anayepampu bila kiasi hupindisha fremu, na mwenye gari hugundua baadaye, upepo unapopiga mluzi barabarani au mvua ya masika inapomlowesha bega.

Kinachopita hapo ni fimbo ya chuma ya milimita 4 hadi 5, ndefu kama mita 1 na zaidi, ncha yake imekunjwa na kuzungushiwa tepu isikwaruze. Waya wa hanga ni laini mno; ukigusa kitu unajipinda wenyewe. Kwenye Toyota nyingi za enzi hizo shabaha ni kile kiloki kidogo kilicho karibu na mkono wa ndani wa kufungulia mlango. Usihangaike kuvuta mkono wenyewe, kwa sababu loki ikiwa imefungwa mkono huo huvutika bure. Pitisha fimbo upande wa abiria ukilenga mlango wa dereva. Hapo unaona unachokifanya, badala ya kupapasa mlango uleule uliousimamia. Gari lenye kile kipini kinachosimama chini ya kioo, chenye kichwa kama uyoga, hata kamba nyembamba yenye kitanzi inatosha: ishushe, kitanzi kikae shingoni, kaza, vuta juu. Kipini laini kisicho na kichwa hakishikiki.

Lile bapa la chuma linalochomekwa kati ya kioo na mpira mimi silipendekezi, ingawa wengi wanalisifu. Ndani ya mlango mna vijiti vyembamba vilivyoshikizwa kwenye kitasa kwa klipu za plastiki, na plastiki ya umri huo huvunjika kwa kuguswa. Mlango utafunguka leo, kesho mkono wa nje haufanyi kazi. Pia mna nyaya za vioo na spika.

Kuna magari ambayo njia ya kabari haifai kabisa. Subaru Impreza na Forester za kabla ya mwaka 2007 hivi hazina fremu kuzunguka kioo cha mlango. Ukisukuma kabari pale unasukuma kioo kitupu, nacho huweza kupasuka. Baadhi ya magari ya Ulaya, BMW zikiwemo, yana loki ya pili inayozima kiloki na mkono wa ndani, kwa hiyo fimbo haitasaidia. Hayo mwite fundi wa vitasa.

Akiwemo mtoto ndani, sahau yote niliyoandika kuhusu gharama. Gari lililofungwa juani joto lake huweza kupanda nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10. Vunja kioo cha mlango ulio mbali naye, kwa kupiga kona ya chini kwa kitu kigumu chenye ncha. Katikati kioo kinanesa na pigo linarudi. Kioo cha mbele usijisumbue nacho, kwani ni tabaka mbili zilizogandishwa na utando wa plastiki.

Tatizo lenyewe la ufunguo kubaki ndani huanzia mkononi mwa dereva. Waliotengeneza Toyota hizi za zamani waliliona: ukibonyeza loki ya mlango wa dereva kisha ukaufunga, loki hujifungua yenyewe, isipokuwa umeshikilia mkono wa nje ukiwa umeinuliwa. Watu wamezoea kuuinua, na hapo ndipo ufunguo hubaki kwenye swichi. Funga mlango wa dereva kwa ufunguo kutoka nje, basi. Alamu za kuongezewa nazo zina mtego wake: nyingi zikifunguliwa kwa rimoti na mlango usifunguliwe, hujifunga tena baada ya nusu dakika hivi.

Magari mengi ya mtumba hufika na ufunguo mmoja uliolika. Ukichongesha wa akiba kutoka kwenye huo, mashine inanakili na ulaji wake, nao utakwama mapema. Tafuta namba ya ufunguo. Kwenye Toyota nyingi za zamani imepigwa kwenye silinda ya kitasa cha mlango wa abiria, na fundi mwenye mashine nzuri atachonga kwa namba hiyo. Huo wa akiba uweke nyumbani au kwa mwenzi wako, usiufunge kwa waya chini ya bampa.

Na fundi akikuomba kadi ya gari na kitambulisho kabla hajagusa mlango, usimkasirikie. Kadi ikiwa imefungiwa humo ndani, aione mara tu mlango unapofunguka, kabla hajakukabidhi ufunguo.

Fundi wa vitasa na funguo za magari,
Dar es Salaam