Ndege wa horini hawahitaji kurushiwa mawe

Mhariri,

Picha nyingi za makundi ya ndege kwenye hori, yaani mikono ya bahari, za Tudor na Mtwapa zina kasoro moja: mikia mitupu. Ndege akianza kuruka huukabili upepo. Basi msimu wa kaskazi, upepo ukitoka kaskazini-mashariki, asubuhi simama upande wa mashariki. Jua litakuwa mgongoni mwako na kundi litakuja usoni. Jioni ya kaskazi utaambulia migongo.

Chagua siku ambayo maji hujaa kama saa tatu asubuhi. Bamvua yenyewe, maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa alfajiri, bado giza. Maji yakipanda, vitwitwi na sululu, ndege wa ufukweni, husongamana kwenye kipande kidogo cha mchanga, karibu nawe, bila wewe kuwasogelea.

Shata, yaani kasi ya kamera kufunga, iwe 1/2000 ya sekunde. Kwa 1/500 mabawa yanafifia. Tundu la lenzi f/8, maana kwa f/4, tundu kubwa zaidi, ndege wa mbele huonekana vizuri na wa nyuma huwa ukungu. Lenzi ya milimita 300 yatosha. Ya 600 hukata kundi nusu. Mbingu nyeupe huihadaa kamera, ndege wakatoka weusi: ongeza mwanga hatua moja. Yangeyange mweupe mbele ya mikoko ni kinyume, punguza kidogo.

Na hao wanaorusha mawe ili kundi liruke, waache mchezo huo. Machi na Aprili ndege hawa wanajilimbikizia mafuta ya safari ndefu ya kaskazini. Subiri mwewe apite. Wataruka wenyewe, wakiwa wamekaribiana vizuri zaidi.

Mpenda ndege,
Tudor, Mombasa