Kwa rafiki yangu aliyekabidhiwa timu ya kuabudu

Uyole, Mbeya
Juni

Ndugu yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku kwetu hatujambo, ila baridi ya mwezi huu imetushika kweli. Ibada ya kwanza vidole vya wapiga gitaa vinakuwa vigumu kama kuni. Mama watoto anakusalimu, anauliza utapanda lini basi uje Mbeya.

Nimefurahi sana kusikia wazee wa kanisa hapo Kihesa, Iringa, wamekukabidhi timu ya kuabudu. Umeniuliza utawapokeaje wapigaji wapya waliojitokeza baada ya tangazo. Ninaloliamini kwa moyo wote ni hili: mgeni mpe zamu mapema.

Soma 1 Nyakati 25. Waimbaji wa hekaluni walikuwa 288, wakapigiwa kura wakapangwa zamu 24, kila zamu watu 12, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Huyo mwanafunzi ananigusa sana. Kura yake ilitupwa pamoja na ya mwalimu wake, hata kabla hajafuzu. Lakini makanisani mwetu kijana anakuja na gitaa mgongoni, anaambiwa akae kwanza aangalie. Anaangalia mpaka mvua zinaisha, siku moja haonekani tena, halafu tunasema vijana hawana uvumilivu. Tunawaonea.

Simaanishi umpandishe madhabahuni Jumapili ya kwanza. Mtumie nyimbo tatu kwa WhatsApp, kila moja na ki yake (ufunguo wa kuimbia), apige na mwenzake mmoja wa timu katikati ya wiki. Kisha aanze na ibada ya jioni yenye watu wachache. Yule mwenzake ndiye awe mlezi wake: ajue anakaa wapi, amtafute akikosa mazoezi, ajue kama amefiwa au anauguliwa. Inauma mtu kupigiwa simu na kuulizwa besi itapigwa na nani, wakati yeye yuko wodini na mzazi wake.

Utapata pia wanaopiga kwa sikio tu, hasa waliokulia kwa ndugu zetu Wapentekoste. Mpe pambio lolote, kabla ya ubeti wa pili ameshalishika. Mpe wimbo wa kitabuni wenye sauti nne na atapiga haraka, auache usharika nyuma. Usimwaibishe. Mkalishe na mtu wa sauti ya nne, yaani besi, amwimbie mstari wake polepole kwa do-re-mi, naye autafute kwenye nyuzi. Na wale wanakwaya wanaosoma solfa, hizo do-re-mi za kitabuni, vizuri wajifunze kwake kumsikiliza kiongozi anaporudia kiitikio bila taarifa. Sisi Wamoravian tuna matarumbeta yetu ya alfajiri ya Pasaka makaburini. Mpiga tarumbeta mzuri ukimweka karibu na kijana wa kinanda, wote wawili wanakua.

Wanachuo wa Mkwawa na Chuo Kikuu cha Iringa wapokee kwa mikono miwili, lakini kila mmoja mwoanishe na mtu wa mtaani, maana chuo kikifunga utabaki na dramu zisizo na mpigaji. Mvua za kwanza zikianza, wa mtaani nao wako shambani. Panga ratiba ukiyajua hayo, usiwalaumu.

Suala la pesa liseme wazi siku ya kwanza, mbele ya mtunza hazina. Wanajitolea, hakuna posho, sawa. Ila nyuzi zikikatika kanisa linunue, na dada aliyemaliza mazoezi saa mbili usiku apewe nauli ya bajaji. Anayetoa muda wake asiondoke na hasara mfukoni.

Jambo dogo la mwisho: magitaa myatune tena watu wakishajaa. Asubuhi kanisa ni la baridi, baadaye joto la watu linalegeza nyuzi na sauti ya gitaa inashuka. Wageni wengi wanadhani wamekosea wao, wanapoteza ujasiri bure. Waambie mapema.

Nitumie majina ya nyimbo mnazoanza nazo, nikuandikie solfa za sauti ya tatu na ya nne. Wasalimie wazee na timu nzima.

Ndugu yako katika Kristo,
Mwalimu wa kwaya