Barua ya wazi kwa Waziri Ronald Lamola: India na Pakistan zipewe sharti moja

Mheshimiwa Ronald Lamola,
Waziri wa Uhusiano wa Kimataifa na Ushirikiano,
Jamhuri ya Afrika Kusini.

YAH: MAOMBI YA INDIA NA PAKISTAN KUINGIA KATIKA KUNDI LA WAUZAJI WA NYUKLIA

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka Songea. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, tena Mngoni. Babu zetu walitoka huko kwenu karne ya 19 wakapigana njia nzima hadi kufika hapa, kwa hiyo niruhusu niseme kama ndugu, bila kuzungukazunguka.

Nchi yako ndiyo pekee ya Afrika iliyomo ndani ya NSG, lile kundi la nchi 48 linaloweka masharti ya nani auziwe vinu vya nyuklia, mafuta yake na vipuri vyake. Humo hawapigi kura ya wengi wape. Wote wakubaliane, na mmoja akigoma jambo limekwama. Bara zima lina kiti kimoja, lakini kiti hicho kina nguvu sawa na cha Marekani au China. Tangu Mei 2016 kundi hilo lina maombi mawili mezani: India iliomba tarehe 12, Pakistan ikafuata wiki moja baadaye. Ninachokuomba ni kwamba Afrika Kusini isikubali mmoja wao aingie peke yake. Akishaingia, naye atakuwa na haki ya kugoma, na hapo jirani yake atasubiri mpaka kiyama.

Najua historia ya jambo hili haimpendezi yeyote. NSG yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya India. Mei 1974 India ililipua bomu lake la kwanza huko Pokhran, kwa plutoniamu iliyotoka kwenye kinu cha CIRUS, ambacho Canada iliwapa kwa ahadi ya matumizi ya amani. Wauzaji wakashtuka, wakakutana London mwaka uliofuata. Na aliyeumia mapema ni nani? Pakistan nayo ilikuwa na kinu cha Canada, KANUPP, pale Karachi, kidogo tu, megawati 137, na kilikuwa chini ya ukaguzi wa IAEA, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Baada ya mlipuko wa India, Canada ilikaza masharti yake, Pakistan ikayakataa, na mwaka 1976 mafuta na vipuri vikakatwa. Wahandisi wa Karachi walibaki na mtambo usio na fundi wala duka, wakajifunza kutengeneza mafuta yake wenyewe. Anayeshangaa kwa nini Islamabad haiamini maneno ya wauzaji aanzie hapo.

Halafu ikaja Septemba 2008. Mjini Vienna, kwa msukumo mkubwa wa serikali ya George W. Bush, NSG iliipa India msamaha: iuziwe nyuklia ya kiraia ingawa haijasaini Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia na ingawa ina mabomu. Austria, Ireland na New Zealand zilivuta kamba hadi dakika za mwisho, kisha zikalegea. Nanyi mlikuwemo ukumbini, Mheshimiwa, na hamkuzuia. Kati ya vinu 22, India iliahidi kuweka 14 chini ya ukaguzi wa kimataifa. Vilivyobaki 8 vikaachwa nje. Hapo ndipo kilio cha Pakistan kilipo, na kwa hesabu za fizikia kina mantiki: urani ya kununua ikiwasha taa za mijini, urani ya nyumbani inabaki huru kwa kazi nyingine.

Delhi itakujibu kwa jina moja, Abdul Qadeer Khan, mwanasayansi wa nyuklia wa Pakistan. Na jibu hilo ni zito. Mwaka 2004 mtu huyo alikiri mbele ya televisheni ya taifa lake kwamba alisambaza teknolojia ya kurutubisha urani, ile inayoweza kuifanya ifae kwa bomu, na wateja waliotajwa ni Libya, Iran na Korea Kaskazini. Simtetei. Ila wewe unajua kuliko mimi kwamba sehemu ya mitambo iliyokuwa ikienda Libya ilikutwa Vanderbijlpark, ndani ya Afrika Kusini, ikiwa imefungwa kwenye makontena. Hakuna aliyesema nchi yako ifukuzwe NSG kwa ajili hiyo. Mlikamata watu, mkashtaki, mkaendelea. India ilivunja ahadi ya kinu cha amani, Pakistan ikashindwa kumdhibiti mtu wake, na ni mmoja tu aliyesamehewa.

Wala Pakistan si yatima. China ilipoingia NSG mwaka 2004 ilisema ina mikataba ya zamani, na kwa kivuli cha mikataba hiyo imeendelea kuijengea vinu: Chashma kando ya mto Indus, kisha viwili vikubwa Karachi vilivyoanza kuzalisha umeme 2021 na 2022. Vyote viko chini ya ukaguzi wa IAEA, hilo niliseme kwa haki. Lakini msamaha hakuna. Kwa ufupi, Marekani ilimpitisha rafiki yake mlango wa mbele, China ikampitisha wake mlango wa uani, na nyinyi wenye nyumba mkajifanya mmelala.

Nakumbuka Julai 2016. Mkutano wa NSG wa Seoul ulikuwa umemalizika wiki mbili tu bila India kuingia, Waziri Mkuu Modi akaja Afrika. Pretoria alimshukuru Rais Zuma kwa kuiunga mkono nchi yake. Siku mbili baadaye alikuwa Ikulu ya Dar es Salaam akipiga ngoma na Rais Magufuli, na picha ile tuliifurahia wote. Sina ugomvi na ngoma. Ninachouliza ni kama uungaji mkono ule ulikuwa na sharti lolote, maana sijaliona limeandikwa popote.

Utaniuliza mwalimu wa Songea anahangaika nini na ugomvi wa Punjab. Namtumbo ni jirani yetu, na chini yake, kwenye mradi wa Mto Mkuju, kuna urani. Siku ikianza kutoka kwa wingi, itatafuta mnunuzi. Namibia ilishapita njia hii: mwaka 2009 ilisaini makubaliano ya urani na India, kisha ikakuta Mkataba wa Pelindaba, ule wa Afrika isiyo na silaha za nyuklia, unawakataza wanachama kuiuzia nchi isiyotambuliwa rasmi kuwa na silaha hizo, kama India, ikiwa haijaweka shughuli zake zote chini ya ukaguzi. Mkataba huo umepewa jina la mahali mlipoendeshea mradi wenu wa mabomu, kabla hamjayavunja yote 6. Msamaha wa Vienna unasema uza, mkataba wetu unasema usiuze. Tanzania imeridhia Pelindaba. Tushike lipi?

Na teknolojia hii ni haki ya watu, si anasa. Sisi tumeiona ikifanya kazi. Miaka ya 1990 mbung'o dume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya Unguja, kwa msaada wa IAEA, mpaka mbung'o wakaisha kisiwani na ng'ombe wakapona nagana. Mfugaji wa Unguja hakuulizwa nchi yake ni rafiki wa nani. Mgonjwa wa saratani wa Lahore na mkulima wa Bihar asiye na umeme nao wasiulizwe.

Kwa hiyo masharti yaandikwe, yatangazwe, na yawe yaleyale kwa wote wawili. Kila kinu cha kiraia kikaguliwe daima. Marufuku ya majaribio ya bomu iwe ya kisheria, si ya mdomo. Uzalishaji wa malighafi ya mabomu usimame. Rafael Grossi, kabla hajawa mkuu wa IAEA, aliandaa rasimu ya masharti mwishoni mwa 2016, na wazo moja humo ni zuri: anayeingia kwanza asimzuie mwenzake. Mengine ni mepesi mno, karibu yote India ilishayaahidi mwaka 2008. Na kama nchi yako inaona wote wawili wabaki nje mpaka wasaini Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, hilo pia nitalipokea, ilimradi msamaha wa 2008 nao urudishwe mezani.

Naomba jibu la maandishi, hasa juu ya Pelindaba: je, Afrika Kusini inasema tunaweza kuiuzia India urani au hatuwezi?

Wako,
Mwalimu mstaafu, Songea.

Nakala: Wizara ya Madini, Dodoma.